Kastabini ya Coleta

Ukitaka ugomvi hapa Lier, mji wetu mdogo wa Ubelgiji, mwambie mfuga kanari kwamba ndege wake anaimba vizuri ila wa jirani anaimba zaidi. Watu wazima hawa, wenye wajukuu, wameacha kusalimiana kanisani kwa sababu ya kidege unachoweza kukificha ndani ya kofia. Gommaar Vercammen, fundi viatu wa nyuma ya kanisa, alikuwa mmoja wao, na wala hakuona aibu.

Kanari wetu si wa kutazamwa. Rangi ni ile ile ya manjano, mdomo ni ule ule. Wetu ni wa kusikilizwa, na tunachotaka kusikia ni maji: sauti nzito inayochemka kooni, gubu, gubu, gubu, kama chupa inayomiminwa taratibu. Madume machanga huwekwa gizani, kila mmoja ndani ya kisanduku chenye milango, na karibu yao hutundikwa dume mzee awafundishe. Atakachoimba mwalimu ndicho watakachoimba wao, kizuri na kibaya. Kelele nyingine yoyote ni sumu. Ndiyo maana Gommaar alitundika blanketi zito la jeshi mlangoni pa chumba chake cha darini. Akishaingia mle, hasikii hata kengele ya kanisa.

Mkewe Coleta alikuwa mdarizi, na kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, haikumtoka kidoleni. Mwishoni mwa kiangazi mapafu yake yalijaa maji, akalazwa chumbani chini, na Gommaar akamshushia yule mwalimu, ndege mzee mwenye kifua kinene aliyempa jina la Paroko. Paroko alikuwa ananyonyoka manyoya wakati huo, na kanari akinyonyoka haimbi, anakaa tu na kusikiliza.

"Atakuwa mwenzio," Gommaar alisema.

"Mwenzangu bubu. Afadhali yeye kuliko wewe, unayeongea ndege asubuhi mpaka jioni."

"Ukinihitaji, bibie, gonga kitanda kwa kastabini yako. Chuma kwa chuma, nitasikia."

"Haya. Na mimi nikisikia hayo mabuti yako ya misumari yanashuka ngazi, nitajua nimepona."

Akacheka, akakohoa, akamfukuza aende kwa ndege wake.

Coleta alikufa Jumapili mchana. Gommaar alikuwa darini anawapondea makinda yai la kuchemsha, na aliposhuka kumpelekea kahawa alimkuta amekwisha kwenda. Kastabini ilikuwa kidoleni. Kidole kilikuwa kimevimba, haikuvulika, akazikwa nayo.

"Hakugonga," alimwambia padri. "Alilala tu." Alimwambia hivyo hivyo mchimba kaburi. Aliwaambia hata wateja waliokuja kutiwa soli: hakugonga, angegonga ningesikia. Maskini ya Mungu, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Lakini alilishika neno lile kama mtu aliyeshika ukingo wa mto, na sisi tuliomjua tuliona kwamba akiliachia tu, anazama.

Paroko akarudishwa darini. Vuli ilipoingia, manyoya yakiwa yameota upya, alifungua kinywa akaimba, na Gommaar nywele zikamsimama kwa furaha. Maji gani yale! Mazito, ya polepole, yanatoka chini kabisa kusikofika pumzi ya ndege. Haikupita muda, machanga wanne wakayashika kutoka ndani ya visanduku vyao, gizani, sauti moja.

Siku moja Fien, jirani aliyemuuguza Coleta na kumwosha alipokufa, alimletea supu. Hakumwona sebuleni, akapanda ngazi, akainua blanketi. Akasimama pale pale.

"Gommaar. Nani anaumwa humu?"

"Aumwe nani? Ni Paroko huyo. Msikilize, msikilize!"

Fien aliweka sufuria chini. "Yesu na Maria! Huyo ni Coleta. Ndivyo alivyokuwa anavuta pumzi siku moja kabla hajafa. Nimemgeuza ubavu kwa mikono yangu hii, leo niisahau sauti yake?"

"Acha mambo yako ya ajabu, mama. Hayo ni maji."

"Maji ndiyo. Ya mapafuni."

Akashuka haraka, na sufuria yake hakuirudia tena.

Tangu siku ile Gommaar hakuweza kustahimili. Anamwaga mbegu, anabadilisha maji ya kunywa, na ile gubu ya kwanza ikianza tu, huyo! Anakimbilia barabarani hata kofia hajavaa. Kila wiki Paroko aliongeza kipande kipya mwishoni mwa wimbo, na Gommaar hakuwahi kuusikiliza mpaka mwisho. Akasema mwaka huu hashindani. Lakini vitambaa vya kufunika visanduku Coleta alikuwa amevidarizi mwenyewe, akitamani siku moja viende kuchukua medali, na Sooi, mwenyekiti wa chama chetu cha wafuga kanari na mshindani wake wa miaka yote, hakumwacha apumue.

"Usipowaleta, nitatangaza kwamba umewakaanga ukawala."

"Sema utakalo."

"Na siagi, nitasema. Mfungo wa Ijumaa, nitasema."

Akawaleta. Mashindano yetu hufanyika Januari, kwenye ukumbi wa nyuma wa baa. Mwamuzi huwasikiliza ndege peke yake kwanza, chumba cha pembeni. Kisha walioshinda hupangwa juu ya meza mbele ya watu wote, visanduku vinne kimoja juu ya kingine, milango inafunguliwa, na hapo ole wako ukohoe. Mwaka ule walioletwa mezani walikuwa wa Gommaar. Yeye mwenyewe aliketi mstari wa mbele, Sooi ubavuni, watu wamejaa mpaka mlangoni. Pa kukimbilia hapakuwapo.

Mwanga ukawaingia wale wanne. Wakajinyoosha, wakaanza pamoja.

Maji yalijaa ukumbini. Wazee walifumba macho kwa raha. Gubu, gubu. Halafu yakaanza kukatika. Kila mkupuo ukawa mfupi kuliko uliotangulia, na katikati kimya, watu wanangojea. Na humo kwenye kimya, kikatoka kitu kingine, chembamba, kikavu, kutoka makoo yote manne kwa mara moja.

Tak-tak. Tak.

Tak-tak. Tak.

Gommaar alisimama. "Naja," alisema kwa sauti kubwa. "Naja, bibie."

Sooi akamvuta koti. "Kaa chini, bwana, unatuaibisha." Kisha akamwangalia usoni, akaliachia koti.

Mwamuzi, mtu wa kutoka Mechelen asiyejua habari za nyumba yetu yoyote, alimpa medali mkononi. "Maji kama haya sijapata kuyasikia. Kosa lao ni hilo la mwishoni, wanagonga. Mwalimu wao amesikia chuma mahali. Ulikuwa na fundi wa mabomba nyumbani?"

"Hapana," Gommaar akasema. "Ni mke wangu."

Njiani kurudi, Sooi alimsaidia kubeba visanduku mpaka darajani. Kisha akasema taratibu, maana si mtu mbaya, "Ndugu yangu, mwalimu mwenye kosa ananyongwa. Unajua. Sote tumewahi kunyonga. La sivyo msimu ujao makinda yatagawanywa, na Lier nzima itakuwa inagonga."

"Mguse uone."

Sooi alitembea naye mpaka nyumbani. Alimwachia visanduku mlangoni, akaenda zake.

Gommaar alipanda darini, akalishika lile blanketi kwa mikono miwili, akalichana kutoka kwenye misumari yake. Akamtoa Paroko, akamshusha mpaka chumbani kwa Coleta, akamtundika kwenye ndoano ile ile juu ya kitanda cha chuma. Akafungua pazia. Akaketi ukingoni mwa godoro na kofia mapajani.

"Haya. Sema yote," alimwambia.

Paroko akasema yote. Maji. Pumzi zinazokatika. Mlio wa kitanda mtu anapojaribu kuinuka, ambao machanga hawakuwahi kuushika. Kisha kastabini, tak-tak, tak, kwanza kwa nguvu, kisha polepole, ikipumzika, ikirudia tena, muda mrefu kuliko alivyothubutu kuwaza. Ndege yule alikuwa amekihifadhi kila kitu kilicholia chumbani mle mpaka pumzi ya mwisho. Gommaar akatega sikio, machozi yanamchuruzika, akingojea kusikia kwenye lile koo dogo mabuti ya misumari yakishuka ngazi.

Hayakuwamo. Paroko alinyamaza, akapangusa mdomo kwenye kijiti chake, akaanza tena mwanzo.