Gari Isiyo na Klachi

Jamani, leo nimefungiwa ndani ya gari ya mbio na Garissa nzima inatazama!

Habiba dada yangu, asalaam aleikum. Salamu kwa mumeo, kwa bibi, kwa watoto wote, na kwa Sahra binti yangu na tumbo lake la miezi tisa.

Nilikuwa nakuja. Wallahi nilikuwa nakuja nimshike mkono akizaa.

Abdi, mtoto wa kaka, alinikataza kupanda basi. "Eddo, shangazi yangu, gari yangu inabadilisha gea yenyewe!"

Milango miwili tu. Nikasukumwa nyuma, mbele yangu akakaa wifi, mama yake Abdi.

Tukingoja msafara wa polisi wa kusindikiza magari, Abdi akapiga kaseti mpaka betri ikafa.

Vioo ni vya umeme, havishuki. Jua la huku unalijua.

"Wifi, shuka nitoke."

"Tulia, mwanangu anaijua gari yake."

Wanaume wakaja kusukuma, kama kawaida yetu. "Tia gea ya pili! Achia klachi!"

"Haina klachi," Abdi akasema. "Hata ikisukumwa haiwaki."

"Sasa mguu wa kushoto wa dereva unalipwa kwa kazi gani?" mzee mmoja akauliza.

Walicheka! Mimi ndani nalia.

Wifi aliposhuka mwishowe nikatolewa, msafara ulikuwa unaondoka. Basi la mwisho limejaa mpaka mlangoni. Dereva wake amekubali kubeba barua hii tu, na sasa ananipigia honi.

Habiba, anarudi kesho. Mpe jibu mkononi, usichelewe: Sahra wangu amezaa? Ni mzima?