Babu alipiga gitaa la stima Bondeni miaka ya hamsini, lakini santuri zake zote zina majina ya watu wengine

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Haya yamenitokea mwenyewe, na sijatia chumvi. Hata ningetaka, sioni mahali pa kuitia.

Mimi ni kijana mhitimu wa muziki. Naamini kwa dhati kwamba kazi ya msanii lazima ibebe jina lake.

Babu yangu, Zakayo, alikuja Nakuru kutoka magharibi mwa Kenya kufanya kazi ya reli, akapanga chumba mtaa wa Bondeni. Miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, akapata gitaa la stima.

Chumbani mwake stima haikuwepo.

Basi kila jioni alibana kichwa cha gitaa kwenye mlango wa mbao, akatega sikio hapo hapo asikie nyuzi zikitetemesha mbao, akapiga. Majirani hawakusikia kitu. "Zakayo amenunua gitaa bubu!" walimcheka.

Jumamosi alipolichomeka kwenye ukumbi wa densi wenye stima, kicheko kilikwisha. Vidole vilikimbia hadi waliokuja kucheza densi wakasimama kutazama.

Gari la kurekodi lilipofika kutoka Nairobi, alipiga kipande baada ya kipande, gitaa tupu bila maneno, mpaka mafundi wakaomba kupumzika. Mafundi, si yeye.

Sasa sikilizeni.

Chuo nilichosomea kinaandaa archive, yaani hifadhi, ya muziki wa zamani. Nilipeleka santuri za Babu. Nikaambiwa hawawezi kumwandika, kwa sababu hakuna hata moja yenye jina lake.

Nekesa. Wanjala. Chebet. Kila lebo mtu mwingine!

Babu amepita miaka tisini na kifua kinamsumbua. Nilitaka atambuliwe akiwa hai. Nikamuuliza, "Babu, hawa watu walikuibia?"

"Muulize aliyeandikwa," akasema, akafumba macho.

Niliulizia kote Bondeni hadi nikaelekezwa kwa Nekesa, mwalimu mstaafu anayeishi mtaa wa Section 58. Nilijiandaa kama wakili. Nikaiweka santuri mezani.

"Mathe, hili gitaa ulipiga wewe?"

Alicheka mpaka akashika meza. "Mimi? Hata kayamba, kwaya walininyang'anya! Kijana, hii ikipigwa nilikuwa kwa blanketi. Hata kitovu hakikuwa kimeanguka."

Wakuu, nilikaa pale kama mtu aliyeshikwa na stima.

Akanieleza alivyosimuliwa na mamake, Mama Rael. Mtoto akizaliwa Bondeni, majirani walienda kuona mtoto, na hakuna aliyeenda mikono mitupu. Wengine walibeba sukari, unga, sabuni. Babu alisimama mlangoni, akamsikiliza mtoto akilia, akauliza anaitwa nani, akaenda zake.

Gari la Nairobi likija, fundi akiuliza mpigaji wa kila kipande ni nani, Babu alitaja jina la mtoto mmoja.

Hakuna aliyemwelewa. Ila Nekesa aliingia kanisani siku ya harusi yake kwa wimbo wenye jina lake.

"Twende kwa mzee," akaniambia. "Nitaandika kwa mkono wangu kwamba ni wake."

Tulimkuta Babu nyumbani, mtaa wa Free Area. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akamkazia macho mgeni.

"Wewe ni yule Nekesa wa Mama Rael?"

"Ndimi, mzee."

Akanigeukia. Sijawahi kumwona na hasira vile.

"Sasa unataka nimpokonye mtoto zawadi yake?"

"Mtoto" mwenyewe alikuwa ameegemea mkongojo kwa ajili ya goti bovu, bibi mwenye wajukuu, na machozi yanamtiririka.

Nimeondoa ombi langu chuoni. Bado naamini msanii anastahili jina lake. Lakini kuna aliyekuwa nalo akaamua kuwapa wengine nafasi hiyo, na sina haki ya kumrudishia kwa nguvu.

Bado najiuliza kama nimefanya sawa, nikosoeni bila kunionea haya.

Na kama mama, mjomba au shangazi yako alizaliwa Bondeni miaka ile, tafadhali muulize: aliwahi kurekodi gitaa kabla ya kuota meno?