Gitaa Lililouma Vidole

Gitaa lile la umeme nililinunua Mombo, kwa bwana mmoja aliyekuwa akipiga kwenye bendi ya hoteli kabla haijavunjika. Nilikuwa nimeshapita umri wa kuanza mambo kama hayo, mwalimu wa shule ya msingi niliyerudi kuishi na mama yangu jirani na Soni. Lakini kwaya yetu ilibaki bila mpiga gitaa, nami nikajitolea kujifunza. Jipya nisingeliweza. Hili lilikuwa limebanduka rangi, na bwana yule akaniongezea na spika yake ndogo ya kuchomeka ukutani.

"Linakoroma kidogo," aliniambia. "Ila halina neno."

Kwa wiki nzima lilikoroma kweli. Nilifanya mazoezi sebuleni jioni, nimevaa ndala, mama akipita na kurudi jikoni. Jumamosi nikapiga deki, nikavua ndala sakafu ikiwa bado mbichi, nikaketi na gitaa langu. Nilipogusa nyuzi, kitu kikanitembea kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, kama siafu wanaopanda kwa haraka. Nililitupa gitaa kwenye kochi. Nikajaribu tena kwa kidole kimoja, na safari hii nikapiga kelele.

Nilimlaani bwana wa Mombo mpaka nikachoka. Jumatatu nikalipeleka pamoja na spika kwa fundi redio wa Lushoto mjini. Alifungua kifuniko cha nyuma, akanionyesha waya mwembamba uliokuwa unaning'inia pale unapochomekwa waya wa spika, akaulehemu. Mkoromo ukapungua palepale. Kisha nikamweleza habari ya siafu. Akachomeka spika kwenye umeme wake, akavua viatu, akasimama peku kwenye sementi yake, akazishika nyuzi zote kwa kiganja. Hakuna kitu. Akanitaka na mimi nivue, nizishike. Hakuna kitu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "gitaa lako ni zima, na spika nayo. Mbovu ni umeme wa nyumbani kwako. Usiliguse tena huko mpaka fundi wa umeme aje."

Nilifika nyumbani nikamkuta mama jikoni anachambua maharage. Nikamwamkia, nikamwambia asiliguse gitaa wala spika, fundi amesema umeme wetu una hitilafu.

"Ulikuuma vipi?" akauliza.

"Kama siafu, mama. Wanaanzia vidoleni wanapanda mkononi."

Aliacha kuchambua. Akautazama mkono wake wa kulia, akaufumba na kuufumbua.

"Mpaka hapa?" akagusa kiwiko chake.

Sikumwelewa mara moja. Nilipoelewa, nikavuta kigoda nikakaa.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ule udongo ulipoporomoka nyuma ya nyumba."

Hizo zilikuwa mvua za mwaka uliopita. Miezi yote hiyo mama, ambaye jikoni hatembei na viatu, alikuwa akifungua friji kutoa maziwa ya wateja wake na kuhisi mkono unakufa ganzi. Na mdogo wake, mama yangu mdogo, kiharusi kilichomuua kilianza hivyohivyo, kwa ganzi ya mkono wa kulia. Mama alifanya hesabu yake kimyakimya. Akahamia Kishambaa, kama afanyavyo neno likiwa zito, akaniambia alishamweleza jirani yetu ni sanda ipi ameweka sandukuni na kanga zipi apewe nani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa ndiyo kwanza umerudi, na una yako."

Nilikwenda kuzima swichi kubwa ukutani.

Fundi wa umeme alikuja asubuhi kutoka Soni. Aliwasha, akagusisha testa kwenye nyuzi za gitaa. Kitaa chake kikawaka. Akaigusisha kwenye mlango wa friji; kikawaka zaidi. Alipochomoa friji, testa haikuonyesha kitu tena kwenye gitaa. Kisha akazunguka nyuma, pale ukingo wa mlima uliposhuka mpaka dirishani, akachimba kwa jembe letu. Akaibuka na kipande cha waya.

"Huu ndio waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Udongo umeukata. Friji yenu inavuja, na umeme hauna pa kwenda, unabaki kwenye kila chombo kilichochomekwa, mpaka kwenye nyuzi za gitaa." Akamgeukia mama. "Shikamoo, bibi. Mungu anakupenda. Siku ungeishika friji na mkono umelowa sawasawa, tungekuwa tunaongea mengine."

Mama aliitikia, "Marahaba," kwa sauti ndogo, akaingia ndani. Nilimfuata nikamkuta amekaa kitandani, analia na kucheka kwa pamoja, akiupapasa mkono wake kama wa mtoto mchanga.

Fundi alichimbia waya mpya mbali na ukingo, na friji ile ikatoka siku hiyohiyo. Hata hivyo nilimpeleka mama hospitali, daktari akampima asimkute na kitu. Tulipotoka getini akaniambia anataka kupita sokoni, anunue viazi vya mbegu. Msimu huu alikuwa amekusudia kutopanda.