Sombe ya Waliofungwa

Kinu cha Koko kiko saluni kwangu, karibu na mlango, na mpaka juzi juzi kilikuwa kimejaa vitana. Wateja wanakisifu sana. Mmoja aliniuliza nimekinunua duka gani la mapambo, nikacheka mpaka msuko ukaniponyoka. Duka gani, wewe! Kile ni kipande cha mkaratusi kilichotoka kiwanda kimoja cha mbao kule Jacobs, na aliyekichonga ni kocha wa timu yetu ya mpira wa kikapu. Hakukichonga ili kibebe vitana. Sasa vitana nimevimwaga kwenye ndoo, na kaa hapo nikueleze kwa nini, maana nisipomweleza mtu nitapasuka.

Kwanza unijue. Mimi nasuka nywele hapa Durban, katikati ya mji, na napenda mpira wa kikapu kuliko wanaume wengi. Televisheni ya saluni yangu haionyeshi tamthilia, inaonyesha marudio ya mechi za Marekani, na asiyetaka aende kusukwa kwingine. Timu yangu ya kule ndiyo ya mkiani. Wachezaji wanalipwa fedha za kutisha, lakini kila mmoja anacheza kama ana mpira wake mwenyewe. Akivuka katikati tu anarusha kutoka huko mbali, unasikia chuma cha kikapu ngang, na wenzake wamesimama kama watu wanaongoja robot, taa ya barabarani, iwashe kijani. Ulinzi hakuna. Na mabosi wa timu wanafurahi! Kule ukimaliza wa mwisho unapata bahati ya kumchagua kijana bora anayetoka chuoni, kwa hiyo wanafungwa kwa makusudi, na sisi wenye moyo tunabaki na presha. Vijana wa vyuo vyao nao siku hizi wanahama timu kama wanaobadilisha viatu. Hata hapa mjini nilikwenda kuitazama timu moja ya chuo, vijana wazuri, warefu, wengine wanashushwa na magari ya wazazi kutoka Westville, kwa wenye nazo. Mechi ilipoharibika, benchi lote likainamia simu. Eish!

Hayo yote nayasema kwenye kundi letu la washabiki, kwa ujumbe wa sauti, na watu wanaungoja kama taarifa ya habari. Nilikuwa najiona mtaalamu. Lakini yote ninayoyajua juu ya kufungwa nilifundishwa na bibi yangu, ambaye sidhani kama aliwahi kushika mpira.

Sisi tulimwita Koko. Alitoka Uvira na sisi wajukuu, akatulea katika jengo moja refu la mjini, ghorofa ya kwanza, chumba kimoja na pazia katikati. Timu ilikuwa ya kanisa letu, Wakongo na Warundi. Mmoja alilinda magari ufukweni, mwingine alikata nywele, kocha alibeba mbao Jacobs. Jumamosi walifika uwanjani wakiwa wamechoka tayari, viatu vya kila aina, jezi zimefuliwa mpaka namba hazisomeki. Walifungwa na kila mtu. Walifungwa na polisi, wakafungwa na wanafunzi, na siku moja kule Bluff, upepo ukivuma kutoka baharini, walifungwa na watu waliokuja pungufu. Mchezaji wao mrefu alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, Mrundi, tulimwita Tonton, yaani mjomba. Chini ya kikapu alikuwa ukuta, hapiti mtu, lakini akisimama kwenye mstari kurusha mitupo huru, akina mama walikuwa wanafumba macho.

Sasa sikia desturi ya Koko. Timu ikishinda, hakuipikia. Aliwapa mikono, akawasifu, akaenda kulala. Ikifungwa, aliipikia sombe, kisamvu chetu cha Kongo. "Mwenye kushinda amekwisha kula," alikuwa anasema. "Huyu aliyefungwa ndiye iko na njaa." Na sombe yake haikuguswa kabla ya filimbi ya mwisho. Majani ya muhogo yalikuwa yamesimama kwenye shamba dogo nyuma ya kanisa, na hata kama tumezidiwa vibaya namna gani, hakuna mkono uliochuma jani moja wakati wachezaji wangali uwanjani. Mama mdogo alijaribu mara moja. Alikuwa na haraka zake, akaona tumeshaumia, akachuma mapema na kuja na beseni limejaa. Koko aliyamwaga yote jalalani mbele ya watu. "Umekwisha kuwazika?" alimuuliza. "Si wangali wanakimbia pale!" Mama mdogo alilia kwa aibu, na sisi watoto tulijificha nyuma ya gari la mtu tucheke.

Kwa hiyo wachezaji wenyewe, na jasho lao, walipitia shambani kuchuma, halafu wakaja kutwanga. Kutwanga ghorofani hakukuwezekana. Siku ya kwanza Gogo wa chini, bibi wa Kizulu, alipanda ngazi akipiga kelele kwamba dari linamwangukia. Ndipo kinu kikahamia uani, karibu na kamba za nguo, na kesho yake Gogo huyo huyo akawa anatoka na kiti chake na kichupa cha pilipili. Wanaume walishika mchi wawili wawili, tu-tu, tu-tu, majani yakitoa ile harufu yake mbichi inayopanda mpaka puani, na sisi watoto tukipepeta ndagala, wale dagaa wakavu, na kumenya vitunguu. Tonton alidai sombe bila maharage si sombe. Koko alimwambia, "Kwenu Burundi muliharibu sombe mukaharibu na mitupo." Ua mzima ulicheka, na yeye Tonton akacheka kuliko wote, ingawa nusu saa kabla alikuwa hataki kumtazama mtu usoni.

Hicho ndicho nilichokuwa sikielewi, mtoto nitaelewa nini? Kila walipofungwa, lazima mmoja aliingia uani akisema, "Miye naacha." Anasema amechoka, mgongo unamuuma, mkewe amegomba, timu hii ni aibu. Koko alikuwa na dawa yake. Alimpa mchi. Sombe ni kazi ndefu, unatwanga mpaka majani yawe laini, unachemsha mpaka ule uchungu utoke, ndipo mawese na ndagala viingie, na mtu hawezi kununa muda wote huo akiwa na mwenzake upande wa pili wa kinu. Wanaanza kulaumiana, nani aliacha mtu wake, nani hakutoa pasi. Kisha wanaigana wanavyoanguka. Wakati fufu, ugali wetu wa muhogo, inageuzwa, yule aliyeacha anauliza mazoezi ya Jumanne ni saa ngapi. Sikuona hata mmoja aliyeacha timu kutoka ua ule. Sisi watoto, nisikufiche, tulikuwa tunatamani wafungwe kila wiki, na Koko alilijua hilo, akasema Mungu anasikia matumbo yetu kuliko maombi ya mchungaji.

Basi mambo yakaisha kama yanavyoisha. Koko alifariki. Kocha akapata safari ya Kanada na familia yake. Jengo likapata mlinzi aliyekataza kutwanga uani, shamba la kanisa likawa maegesho ya magari. Mimi nikachukua kinu. Tonton, magoti yakamwishia, akawa kocha, na timu ikaendelea na vijana wapya, wengine wamezaliwa hapa hapa, Kiswahili chao nusu Kizulu. Nami nilikuwa na saluni, na televisheni, na maoni.

Msimu huu walifungwa mechi baada ya mechi. Wazee wa kanisa wakaanza kunung'unika kwamba timu inakula nafasi ya mambo mengine. Na mimi, siku moja nimetoka kuona timu yangu ya Marekani ikifungwa kizembe, nikiwa na hasira ya mabosi wale, nikabonyeza simu na kusema juu ya timu yetu: "Jamani, mgonjwa akifika hapa, tumwache apumzike. Vunjeni timu. Vijana wajiunge na kwaya, angalau kwaya haina matokeo." Watu walicheka sana. Nilitumiwa vikaragosi vya kicheko mchana kutwa, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Jumapili mzee wa kanisa alirudia maneno yale yale kwenye mkutano, akaongeza, "Hata washabiki wao wenyewe wanasema." Wakakubaliana kwamba baada ya mechi ya mwisho, ya Jumamosi, wataamua kama timu inabaki.

Tonton alikuja saluni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, magoti yamefika kifuani, akatazama kile kinu na vitana vyake.

"Kumbe kiko huku," alisema.

"Kiko, Tonton. Nyumbani hakuna nafasi."

"Sauti yako niliisikia, mama. Vijana pia walisikia. Ile ya ulinzi, ulisema kweli, hatuna ulinzi." Alitoa kitana kimoja, akakiangalia, akakirudisha. "Ile ya kuvunja, Koko angengoja filimbi."

Alisema hivyo tu, tena kwa upole, akaniuliza habari za watoto na kuondoka. Nilisuka kichwa kilichobaki, nikakifumua, nikakisuka tena. Ningetukanwa ningejibu, unanijua. Huyu mzee aliniacha na maneno yangu mwenyewe, na sikuwa na pa kuyaweka.

Ndipo nikaamua kupika. Nilitaka waione sombe ya Koko, wajue bado nipo upande wao. Jumamosi asubuhi nilifunga saluni, nikanunua sombe ya barafu kwa yule mama anayeuza vitu vya kwetu Kongo, imeshasagwa kwa mashine, iko kwenye mifuko. Nikatia mawese, nikatia ndagala, nikatia na maharage kwa ajili ya Tonton. Iliiva upesi na ilinukia vizuri, nikajipongeza. Nikaifunga sufuria kwa kitenge, nikaipakata kwenye taksi, nikafika uwanjani robo ya tatu ikiwa inaendelea.

Wewe, walikuwa wanacheza! Walikuwa nyuma, ndiyo, lakini kidogo tu, na ulinzi ule nilioudharau ulikuwa umesimama, mikono juu, wanaitana majina. Nikaanza kupiga kelele na sufuria yangu mapajani. Tonton akageuka kuona ni nani. Akaniona mimi, akafurahi. Halafu macho yake yakashuka kwenye sufuria.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mimi, mjukuu wa Koko, niliyejificha nyuma ya gari nikimcheka mama mdogo, nimewapikia watu wangali wanakimbia. Niliisukuma sufuria chini ya benchi kwa mguu, kama inaweza kujificha. Harufu ya mawese ilikuwa imeshafika. Kijana mmoja aliyepumzishwa, ambaye babake alitwanga uani kwetu, alinusa, akatazama chini ya benchi, kisha akamtazama kocha wake. "Coach, kwani tumeshafungwa?"

Tonton alipiga makofi, akaita ulinzi. Walikimbia mpaka mwisho, na walifungwa. Sisemi ni sombe iliyowafunga, mpira wa kikapu naujua, walikosa mitupo huru kama alivyokosa Tonton siku zake. Lakini sikuweza kuangalia upande wake.

Nikawapakulia. Walikula wamesimama, sahani za plastiki mkononi, wakasema, "Tamu sana, dada, asante." Chakula kilikuwa tayari, unaelewa? Hapakuwa na jani la kuchuma wala mchi wa kushika. Walimaliza kabla jasho halijawakauka. Wa kwanza alipangusa midomo, akavua jezi, akaiweka kwenye begi la Tonton. "Miye naacha, coach." Nilijua neno lile. Nililisikia utoto wangu wote, na nilijua dawa yake, na dawa yake ilikuwa saluni kwangu imejaa vitana. Wa pili akavua. Wa tatu. Kila mmoja akampa kocha mkono, wakaaga kwa lugha ya mjini, sharp, sharp, wakatawanyika kutafuta taksi. Hakuna aliyekaa muda wa kutosha kubadilisha moyo.

Jumapili wazee walipouliza nani anaitetea timu, kanisani palikuwa na Tonton peke yake na begi lake. Nilisimama mimi, mwenye mdomo, nikasema nilikosea, timu ibaki. Mzee wa kanisa aliniuliza kwa adabu ibaki na wachezaji gani. Nikakaa, na timu ikavunjwa.

Nje, Tonton alinirudishia sufuria, ameiosha. "Ilikuwa tamu," alisema. "Hata maharage uliyatia. Siku ingine uje na majani tu, tutatwanga wenyewe." Aliona uso wangu, akakumbuka kwamba siku nyingine haiko, akanishika bega.

Nimekiosha kinu, nimekianika, kinatoa bado ile harufu ya majani mabichi ukiingiza kichwa ndani. Ukipita utakiona, na mchi wake ninao. Nafasi ya uani ningeiombea kwa yule mlinzi, hata kwa magoti. Ila sina wa kumtwangia, rafiki yangu. Timu yetu siku hizi haifungwi na mtu.