Maji ya Wageni

Juzi nilirudi kijijini kwetu Mwamkulu, na kila nyumba niliyoingia nilikaribishwa kwa chupa ya maji ya dukani. Nilishukuru, nikanywa, lakini sikumaliza hata chupa moja. Ngoja nikusimulie.

Miaka ya tisini baba mdogo alimletea bibi chujio la maji kutoka mjini Mpanda: ndoo mbili za bati linalong'aa, moja juu ya nyingine, ya juu na vichungi vyeupe ndani, ya chini na kibomba. Bibi alilipenda kupita kiasi, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Aliliweka sebuleni, akalifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, akatangaza kuwa hayo ni maji ya wageni. Mchungaji alikunywa, mwalimu akanywa, hata jirani aliyepita kuulizia ng'ombe wake waliopotea akanywa na kusifu. Sisi tuliolijaza tulichota mtungini kwa kata. Na niseme kweli, ya mtungini yalikuwa matamu, yana baridi na harufu ya udongo. Nani angeyachemsha? Kuni tulizifuata mbali, na bibi alidai maji ya kuchemsha yananuka moshi.

Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa hajaanza shule, alipenda kuchezea kile kibomba. Kila mara bibi alimwondoa kwa upole: hayo ya wageni, mama.

Mvua zilipokolea, lambo la ng'ombe lilifurika likaingia kisimani, tulikochota maji ya mtungi na ya chujio. Tuliendelea kuchota. Mdogo wangu akaanza kuhara na kutapika, macho yakaingia ndani. Jirani alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali, lakini barabara ilikuwa imekatika, akamrudisha.

Bibi aliingia sebuleni, akavuta kile kitambaa, akajaza glasi ya wageni, akapiga magoti mkekani.

"Kunywa, mama. Leo mgeni ni wewe."

Alikunywa kidogo. Jioni hiyohiyo akatutoka.

Baada ya msiba bibi alilihamishia chujio jikoni, chini kabisa, tunapofikia watoto, na alitufokea tukigusa mtungi. Yeye mwenyewe sikumwona akinywa maji yake hata mara moja.

Sasa bibi hayupo, na kisima kimefukiwa. Watu wakiniuliza ninakumbuka nini cha utotoni, ninajibu ugali wa moto na ng'ombe wakirudi jioni. Siwaambii kwamba ninachokitamani kuliko vyote ni maji yale ya mtungini. Ndiyo yaliyomuua mdogo wangu, na bado ninayatamani.