Nilipiga Picha Kufuli la Saluni Yake Akiwa Eda

Mhariri wa ukurasa huu, nakuomba unifichie jina, ingawa kwa Lushoto wapo watakaonijua. Nina miaka sabini na tisa, mjane, Mlutheri, mwalimu mstaafu wa jiografia. Moyo wangu umechoka, miguu imevimba, na daktari ameongea na binti yangu pembeni kwa sauti ile ya upole ambayo sisi wazee tunaielewa. Sina muda mrefu. Ninayo dhambi moja ambayo siwezi kwenda nayo.

Binti yangu ana saluni hapa mjini. Alipoifungua, wateja walikuwa wachache, na mimi nilikuwa nimekaa tu nyumbani. Nikajifunza simu. Niliiweka saluni yake kwenye ile ramani ya mtandaoni, nikaandika saa za kufungua, nikapiga picha za misuko, na kila mteja aliyesifu nilimjibu kwa heshima. Binti yangu alikuwa akicheka: "Mama, ulistaafu kazi gani?" Nilikuwa na furaha sana, maana nilijiona bado ninafaa.

Lakini kila nilipoandika "saluni Lushoto", ya kwanza kutokea ilikuwa ya Mwanaisha. (Si jina lake.) Huyu nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa na chumba kimoja na kiti kimoja, na hata huo ukurasa wake kwenye ramani hakuuweka yeye, aliwekewa na bibi harusi mmoja wa kutoka Tanga aliyekuja kupiga picha za harusi kwenye genge la Irente. Maharusi wakawa wanamsifu, na wageni wakawa wanampigia yeye. Sisi tulikuwa wa tatu, wakati mwingine wa nne. Jambo hilo lilinikera kuliko lilivyomkera binti yangu. Yeye alisema, "Mama, Mwanaisha anajua kazi, mwache."

Kisha mume wa Mwanaisha akafariki. Nilikwenda kumpa pole na sukari na mchele, nikamkuta amekaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, saluni imefungwa. Wakati wa kurudi nikapita mbele ya mlango wake, nikaona kufuli. Nikatoa simu nikalipiga picha.

Ramani ile inakuruhusu kutoa taarifa kwamba mahali pamefungwa. Iliniuliza: kwa muda au kabisa? Nilijua jibu. Nilikuwa nimetoka kuliona jibu limekaa kwenye mkeka limejifunika kanga. Nikabonyeza "kabisa", nikaambatanisha picha ya kufuli.

Haikutosha. Jumapili baada ya ibada niliwaambia akina mama wa kwaya, "Saluni ya Mwanaisha imefungwa, tusiwasumbue wageni, hebu kila mmoja athibitishe kwenye simu yake." Wengi wao niliwafundisha. Hapa kwetu mwalimu wako akikuambia fungua kitabu, unafungua, hata kama una wajukuu. Mmoja aliuliza, "Si atarudi akimaliza eda, mwalimu?" Nikamjibu, "Wewe bonyeza." Akabonyeza.

Baada ya siku chache alama ya "imefungwa kabisa" ilitokea kwenye jina lake, na sisi tukapanda juu.

Mwanaisha alipotoka eda alifungua mlango, akafagia, akasubiri. Majirani walirudi, lakini maharusi na wageni, ambao ndio waliokuwa wakimlipia kodi ya chumba, hawakupiga tena. Hakujua kwa nini. Aliniambia mwenyewe, "Mwalimu, nadhani riziki yangu ilikuwa ya marehemu, ameondoka nayo." Nikamwambia amtegemee Mungu. Mwaka haukuisha akauza kiti chake, akateremka Mazinde. Sasa anasuka barabarani, kwenye kibanda cha mabati.

Tangu nianze kuugua, kila Jumamosi ya pili anapanda mlima kuja kuniosha nywele. Hajaombwa, na hataki chochote. Anapiga goti, "Shikamoo mwalimu," halafu utani unaanza: "Ulinichapa kwa kushindwa kuonyesha kaskazini. Leo shingo yako ninayo mimi." Tunacheka. Ananishika kichwa kama yai.

Mara ya mwisho alipokuja, akinifuta maji, alisema, "Mwalimu, wanasema saluni ya dada uliiweka wewe kwenye ramani. Na mimi niwekee kibanda changu. Nikija tena nakuja na simu, tutafute kwanza ile saluni yangu ya zamani, labda picha za maharusi bado zipo."

Nimeangalia. Picha za maharusi zipo. Lakini ya kwanza kabisa ni kufuli, na chini yake jina langu kamili.

Naweza kuifuta. Nimeshika simu mara nyingi nikitaka kuifuta, na kila mara naona ni kama kumfungia kufuli la pili. Nikamwambia binti yangu kila kitu. Alilia, kisha akasema, "Mama, ukisema hilo, nani ataingia kwangu? Nina wasichana watatu pale. Wewe utalala, mimi utaniacha sokoni naonyeshwa kidole. Futa picha, umwekee kibanda chake, uende kwa amani." Hajawahi kunikosea, na anachoogopa ni kweli. Yeye hakutenda lolote.

Wanangu mnaosoma hapa, nimefundisha watu miaka mingi kwamba ramani haipaswi kudanganya, kwa sababu kuna mtu anaifuata kwa miguu. Jumamosi hii Mwanaisha anakuja. Ataweka beseni, atanilaza, ataniambia nifumbe macho sabuni isiniingie. Nimwambie kabla hajanishika kichwa, au nimwache anioshe kwanza, kwa mara ya mwisho? Na binti yangu nimlinde vipi? Nielekezeni upesi, maana leo ni Alhamisi.