Mwisho Uliotungwa Kizwite

Nikiwa chuo kikuu niliandika insha ndefu nikilinganisha sinema ya Hong Kong, ya askari aliyejipenyeza kwenye genge la wauza unga, na ile Wamarekani waliyoitengeneza upya. Wamarekani, niliandika kwa majivuno, hupiga kelele hata wanaponyamaza. Tena wamemuua askari wao kwenye lifti, wakati yule wa Hong Kong anarudi nyumbani na mama yake anamwita kwa jina lake. Mwalimu aliandika pembeni: "Hii umeiona wapi?"

Niliiona Kizwite utotoni, kwenye banda la video, nimebanana na dada yangu kwenye benchi. Kila askari alipofika kwenye lifti, deki ilikwama. Picha ilitetemeka kama kitu kilicho chini ya maji, na mtafsiri, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi, aliendelea kusema kwenye kipaza sauti kana kwamba anaona. Mwisho ule aliutunga yeye. Askari wa Hong Kong naye hufia kwenye lifti.

Mwaka huu dada aliniomba nimtafutie sinema ile. Mwanawe alishuka ziwani Kipili kuvua samaki, na tangu mavuno hajapiga simu.

"Nataka pale mama anapomwita," alisema.

Nilishindwa kumwambia kwamba pale hapapo.

Tuliitazama mchana kwenye kompyuta yangu, yeye akipepeta ulezi, upepo ukisukumasukuma mlango. Mvua ya Hong Kong ilinyesha taratibu, watu wakitazamana muda mrefu bila neno, na mimi nikahisi nimerudi kwenye benchi lile.

"Mbona huyu hasemi?"

"Ndio uzuri wake, dada."

"Mtafsiri wetu alimpa maneno."

Askari akafika kwenye lifti. Nikabonyeza, picha ikasimama.

"Imekwama," nikasema.

"Palepale." Hakushangaa. "Haya, msomi, malizia."

Mimi niliyewalaani Wamarekani kwa kuchezea kazi ya watu, nikasafisha koo. "Askari anapanda. Anafika mlangoni, anabisha hodi..."

"Habishi. Ni kwao." Aliweka ungo chini. "Mama anasikia viatu. Anamwita kabla hajafika."

"Anamwita," nikasema.

"Kwa jina. Mwite."

Nikalitaja jina la mpwa wangu. Dada akauelekeza uso mlangoni, akisikiliza.